Shangazi, theluji ikianguka tupite wapi?

Barua nyingi za mwezi huu zinauliza jambo moja: kwenda Santiago de Compostela, mji wa hija kaskazini magharibi mwa Hispania, kwa miguu wakati wa baridi, na namna ya kuunganisha njia moja na nyingine. Nashuku chanzo ni 2027. Mwaka huo Julai 25, sikukuu ya Mtakatifu Yakobo, inaangukia Jumapili, kwa hiyo utakuwa mwaka mtakatifu na njia zitafurika watu. Wasiopenda msongamano wameanza kuitupia macho Januari. Haya, nimechukua barua nne.

*

Shangazi, shikamoo. Mimi na dada yangu tunataka kuanza Saint-Jean-Pied-de-Port, upande wa Ufaransa, katikati ya Januari na kutembea hadi Santiago. Tuna siku arobaini na tano. Tumeambiwa njia ya juu ya milima imefungwa. Mwingine akasema tukifika Ponferrada tuiache Njia ya Kifaransa, hiyo kuu itokayo Saint-Jean, tushike Camino de Invierno, njia ya majira ya baridi, ili tuikwepe theluji. Nikitazama ramani naona mistari mpaka kichwa kinauma. Tuchague ipi? – Mdogo mtu

Marahaba, wanangu. Nianze na hiyo mistari. Wakati wa joto mtu huchagua njia akiwa kwake, akaifuata mpaka mwisho. Wakati wa baridi ukifanya hivyo unaipangia Januari mambo yake. Msichague njia, chagueni njia panda. Mjue ni miji gani ambako njia hukutana na kuachana, mji upi una vitanda, na mkifika hapo mnaweza kufanya nini na nini. Uamuzi wenyewe mtaufanya jioni, mkiwa mmekaa ndani na soksi zinakauka, baada ya kusoma utabiri wa AEMET, idara ya hali ya hewa ya Hispania, kwa siku mbili zinazofuata. Kwenu ninyi njia panda za maana ni tatu: Saint-Jean, Astorga na Ponferrada.

Saint-Jean haina mjadala. Njia ya juu, ile wanayoiita ya Napoleon, hufungwa kwa amri ya serikali ya Navarra kuanzia Novemba 1 hadi Machi 31. Narudia, ni amri. Inapanda hadi mita zaidi ya 1,400 pale Lepoeder, na kwa saa nyingi hakuna nyumba ya kubisha hodi. Anayekaidi akaenda kuokolewa huko anaweza kupigwa faini na kudaiwa gharama za waliomtafuta. Hata jua likiwaka siku hiyo, msiende.

Mtapita bondeni: Arnéguy, Valcarlos, kisha kipito cha Ibañeta chenye mita 1,057, halafu kuteremka kidogo tu hadi Roncesvalles. Ni kama kilomita 25, sawa na ile ya juu, na wengi hudanganywa na neno “bondeni”. Mpando wote umewekwa mwishoni, baada ya Valcarlos, wakati miguu imeshachoka na mchana unakwisha. Laleni Valcarlos, siku ya pili mpande taratibu. Kukiwa na theluji, acheni vijia vya msituni mfuate barabara ya lami, N-135, kwa sababu hiyo ndiyo inayopitiwa na magari ya kusafisha theluji. Hosteli ya Roncesvalles hupokea mahujaji mwaka mzima. Mwaka 778 jeshi la Karolo Mkuu, mfalme wa Wafaranki, lilishambuliwa kwa nyuma katika milima hiyohiyo, kwa hiyo mkihema sana mjue mna watangulizi.

Kuna watakaowashawishi muanzie Somport ili mpite Aragón mje kuungana na Njia ya Kifaransa karibu na Puente la Reina. Ni njia nzuri sana, naipenda. Lakini Somport iko zaidi ya mita 1,600, na jirani yake watu wanateleza na ski. Mkiitamani Aragón, anzieni Jaca, chini ya mlima.

Kutoka Pamplona hadi Astorga sina mengi. Kuna upepo, kuna tope linalong’ang’ania viatu, na baada ya Burgos kuna uwanda ambao baridi yake huingia kwenye mifupa kwa sababu mko juu kuliko mnavyodhani, mita mia nane na kitu. Pale Carrión de los Condes msitoke bila chakula, maana hadi Calzadilla de la Cueza ni kilomita 17 bila kijiji. Na hosteli nyingi za watu binafsi zimefungwa, hivyo pigeni simu siku moja kabla. Msiamini programu ya simu inayosema “wazi”. Nimehudumu kwa kujitolea katika hosteli za uwanda huo wakati wa baridi, nikafungulia mlango watu waliotembea gizani kwa sababu simu iliwaambia kijiji cha nyuma kina kitanda.

Sasa Astorga, na hapa nawaomba mtulie, kwa kuwa aliyewaambia habari za Camino de Invierno aliiruka. Njia hiyo huanzia Ponferrada. Kabla ya Ponferrada kuna Foncebadón na Cruz de Ferro, ule msalaba mdogo wa chuma juu ya nguzo ndefu, mita 1,500 hivi. O Cebreiro, mlima ambao kila mtu anauogopa, ni mita 1,300 hivi. Yaani mtu anakupa dawa ya mlima wa pili, ule wa kwanza ulio mrefu zaidi amekuachia. Kwa hiyo Astorga ndipo mahali pa kusoma utabiri kwa makini. Kukiwa shwari, pandeni, lakini mteremko wa kwenda El Acebo na Molinaseca una mawe yanayoganda barafu, hivyo shukeni kwa barabara, LE-142, hata kama mishale ya njano inayoonyesha njia inawaita kwenye kijia.

AEMET ikitoa tahadhari ya rangi ya machungwa, mna mambo matatu. Kusubiri siku moja Astorga, mji wenye vitanda, kanisa kuu na jumba lililobuniwa na Gaudí, kwa hiyo hamtakufa kwa uchovu wa kukaa. Au kupitia Manzanal kwa barabara kuu ya zamani, N-VI: kipito chake ni kama mita 1,200, na malori mengi yamehamia barabara mpya ya A-6. Haipendezi macho, lakini inafika Bembibre na kisha Ponferrada. Au treni, kwa sababu ipo kati ya Astorga na Ponferrada. Wapo watakaosema mkipanda treni mmeiba hija. Kanisa kuu la Santiago, linalotoa cheti cha Compostela, kwa waendao kwa miguu linadai kilomita 100 za mwisho. Waacheni hao wengine na sheria zao.

Ponferrada sasa. Kwa Njia ya Kifaransa zimebaki kilomita 200 na kidogo, kwa Camino de Invierno ni kama 260. Tofauti hiyo ni siku tatu za miguu yenu. Camino de Invierno inashuka na mto Sil: Las Médulas, milima myekundu iliyobomolewa na Warumi wakitafuta dhahabu, halafu O Barco, A Rúa, Quiroga, Monforte de Lemos. Hapo theluji ni nadra. Lakini mkitoka Monforte mnateremka hadi mto Miño pale Belesar, mnapanda tena kwenda Chantada kwa njia iliyojipinda ukingoni, na baada ya Chantada kuna Monte Faro. Kilele chake kinakaribia mita 1,200, na njia inapita karibu nacho. Hili nalo wasifiaji hulisahau. Kisha Rodeiro na Lalín, ambako mnaungana na mahujaji wachache wanaotoka kusini. Galicia, jimbo ambamo Santiago imo, iliitambua rasmi njia hii mwaka 2016 tu, kwa hiyo hosteli bado ni chache. Mtalala sana kwenye nyumba za wageni, jambo linalogharimu, na kipande cha Quiroga hadi Monforte ni kama kilomita 35 mkikitembea kwa siku moja. Januari huko jua huchomoza karibu saa tatu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni. Pigeni hesabu.

Upande wa O Cebreiro vitanda ni vingi zaidi, hosteli za umma za Galicia zipo kila baada ya vijiji vichache, na mtaona binadamu wenzenu. Mlima wenyewe hauchukui zaidi ya siku mbili. Kama theluji ni ya kawaida, baada ya Las Herrerías shikeni barabara ya lami wanayoelekezwa waendesha baiskeli. Paroko wa O Cebreiro, Elías Valiña, ndiye aliyeanza kuchora mishale ya njano miaka ya 1980, akaichora kwenye mawe na kuta. Jiwe likifunikwa, mshale haupo.

Uamuzi wangu kwa ajili yenu: fikeni Ponferrada, someni utabiri wa O Cebreiro. Mkipata siku mbili safi mbele yenu, nendeni na Njia ya Kifaransa. Theluji ikiwa imeketi na haina dalili ya kuondoka, shikeni Camino de Invierno, mkikate kile kipande kirefu mara mbili hata kwa teksi. Hesabu inawaruhusu: kutoka Saint-Jean ni kama kilomita 780, kwa mwendo wa 20 kwa siku ni siku 39. Ongezeni tatu za Invierno ni 42, na tatu zilizobaki ndizo za kusubiri. Msizitumie Pamplona kwa kutalii.

Mimi mwenyewe naipenda Camino de Invierno, ila si kwa sababu ya theluji. Naipenda kwa Las Médulas, na kwa kuwa huko ukiingia mkahawani watu bado wanakuuliza unatoka wapi.

*

Bi Shangazi, salaam. Mimi ni mstaafu, natembea vizuri bado. Nitaondoka Sevilla mwanzoni mwa Februari kwa njia ya Vía de la Plata. Nimesoma kuwa pale Granja de Moreruela njia inagawanyika: kwenda kaskazini hadi Astorga, au kukata magharibi kwa njia ya Sanabrés kupitia Ourense. Kwa majira hayo ipi salama? – Mwalimu mstaafu

Salaam, Mwalimu. Umechagua wakati mzuri. Watu wanaopita Extremadura Julai hukuta joto la nyuzi 40 na hakuna kivuli. Februari una nyasi za kijani na korongo juu ya minara ya kanisa.

Swali lako la Granja linajibika upesi. Kilomita kutoka hapo hadi Santiago hazipishani sana, iwe upande huu au ule. Ukienda Astorga unajitia mwenyewe kwenye Cruz de Ferro na O Cebreiro, mambo niliyoyaeleza hapo juu. Ukienda Sanabrés una vipito viwili, Padornelo na A Canda, vyote chini ya mita 1,400, vinavyofuatana kati ya Requejo na A Gudiña. Vinapata theluji, ndiyo, ila havina umbali mrefu juu, na kijiji cha Lubián kiko katikati yake. Nenda Sanabrés. Subiria hali ya hewa Puebla de Sanabria, kwa sababu ndiko kuna maduka na vitanda vya uhakika, usiende kusubiri kijiji cha mbele.

Halafu kuna njia panda nyingine ambayo hukuiuliza. A Gudiña njia inagawanyika tena: mkono mmoja unapita Campobecerros na Laza, mwingine unapita Verín, Xinzo de Limia na Allariz, na yote inaishia Ourense. Ule wa Laza ni mfupi, uko juu, una mandhari. Ule wa Verín ni mrefu zaidi lakini unapita miji yenye kila kitu. Mvua ikiwa inamwagika kwa siku ya tatu mfululizo, mandhari huyaoni. Nenda Verín.

Kilichonishughulisha zaidi kwenye barua yako ni kitu kingine: huku kusini unakodhani ni rahisi. Vijito vya Extremadura baada ya mvua hujaa, na sehemu nyingine hakuna daraja, kuna mawe ya kukanyagia tu. Maji yakifunika mawe, rudi utafute barabara, hata iongeze saa mbili. Usivue viatu ukajaribu kina kwa fimbo ukiwa peke yako. Na kuna kipande kati ya Carcaboso na Aldeanueva del Camino, karibu kilomita 38, ambako unapita chini ya tao la Kirumi la Cáparra na kijiji hukioni. Nyumba za wageni zilizo jirani na njia huja kukuchukua kwa gari pale kwenye tao na kukurudisha kesho yake asubuhi, lakini lazima uwe umepiga simu. Piga ukiwa Cáceres, usingoje Carcaboso.

Jambo dogo: kati ya Fuenterroble de Salvatierra na Salamanca kuna Pico de la Dueña, kama mita 1,170. Ndiyo sehemu ya juu kabisa kati ya Sevilla na Zamora. Watu huwaza milima ya Sanabria wakasahau kwamba tayari wameshapigwa na upepo hapo.

*

Shangazi, nataka kuunganisha León–Oviedo kwa njia ya San Salvador, kisha Oviedo–Santiago kwa Camino Primitivo. Nina likizo Desemba. Unaonaje? – Kijana wa milima

Naona ungoje Mei. San Salvador ni kilomita 120 hivi na inapita karibu na kipito cha Pajares, mita 1,378, kwenye vijia vya kondoo visivyo na simu wala mtu. Primitivo nayo ina ule mgongo wa Hospitales, wazi kabisa, ukungu ukishuka huoni mguu wako. Watakuambia upitie Pola de Allande badala yake. Ni kweli inakuepusha na mgongo huo, ila zote mbili hukutana Puerto del Palo, mita 1,146, na hapo huna pa kukwepa.

Kama likizo haihamishiki, panda treni kutoka León hadi pwani ya Asturias ushike Camino del Norte: Ribadeo, Mondoñedo, Vilalba, watawa wa Sobrado, kisha Arzúa unakoungana na Njia ya Kifaransa. Utalowa. Kulowa kunakauka.

*

Shangazi, shikamoo. Mume wangu haziwezi tena baridi kali, kwa hiyo tumeamua kutoka Porto Februari kwa njia ya pwani. Tukifika Caminha tunavuka mto kwa boti kwenda Hispania, sivyo? Je, tukihamia njia ya kati katikati ya safari, tutanyimwa cheti? – Mama wawili

Marahaba, mama. Mmeamua vyema. Njia zote mbili za Ureno hazina mlima wa kutisha. Ile ya kati sehemu yake ya juu kabisa, baada ya Ponte de Lima, ni kama mita 400. Adui wenu ni mvua na dhoruba za Atlantiki, si theluji.

Boti msizijengee mpango. Wakati wa baridi vivuko vidogo vya mitoni na kwenye hori husimama au huenda kwa kubahatisha. Boti ya Laredo kwenda Santoña, kule kaskazini, wengi huikuta imefungwa na kulazimika kuzunguka hori zima. Pale Caminha bahari ikichafuka hata mwenye boti ndogo hataki. Kwa hiyo hesabuni Caminha kuwa njia panda yenu: boti ikiwepo na upepo ukiwa mdogo, vukeni, isipokuwepo, pandeni na mto Minho upande wa Ureno hadi Valença. Ni kama kilomita 27, sehemu kubwa tambarare, ambazo ninyi mtazigawa siku mbili. Valença mnavuka kwa miguu juu ya daraja la chuma la mwaka 1886, na ng’ambo ni Tui, Hispania. Mkumbuke kusogeza saa mbele saa moja.

Mnaweza pia kuhama mapema zaidi. Kutoka Vila do Conde kuna kiungo cha kwenda Rates, na hapo mko njia ya kati. Utabiri wa pwani ukitaja dhoruba, hameni hapo, kwa sababu zile njia za mbao kando ya bahari zikilowa huteleza vibaya, na mume wako tayari umesema hali yake. Mkiikosa nafasi hiyo, njia hizo mbili zitakutana zenyewe Redondela.

Cheti hamtanyimwa. Kitabu cha mihuri, kinachothibitisha mlikopita, ni kilekile kwa njia zote, na kuhama kutoka moja kwenda nyingine si kosa. Tui hadi Santiago ni zaidi ya kilomita 100, kwa hiyo hata yote ya nyuma yakiharibika na mvua mkapanda basi, kuanzia Tui mkitembea bila kuruka kipande mko ndani ya masharti. Pigisheni mihuri isiyopungua miwili kwa siku. Februari makanisa mengi ya vijijini yana kufuli, basi ombeni wa kwanza mkahawani mnapokunywa kahawa ya asubuhi, na wa pili mnapolala.